Ana Waya

Karatu, 14 Januari 2024

Papa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama Yeyo hamjambo na ng'ombe wanapata maji. Mimi mzima. Barua hii anakuletea Julius wa lori la unga. Mpe chai, asiachwe amesimama juani kama mara ile.

Sipigi simu kwa sababu ukipanda kile kilima kutafuta mtandao unapanda na kijiji kizima, na hili sitaki kila mtu alisikie.

Papa, ni meno yangu. Unayajua. Ya juu yametoka mbele na moja limepanda juu ya jingine. Chini kuna pengo letu la kimila, na meno ya pembeni yanaliegemea kama walevi. Yote ni ya kahawia. Hapa loji nasafisha vyumba, mgeni akinisalimia naziba mdomo kwa shuka ndipo nacheka. Meneja anasema nafasi ya mapokezi ipo, Kiingereza ninacho, "ila jifunze kutabasamu, Naipanoi." Na Nelson alipokuja kutoka Soitsambu akaniuliza, "Tukishaoana utaziba mdomo hata mezani?" Alikuwa anatania. Mimi nilikwenda kulia chooni.

Nimehangaika. Nilianza na mtu wa meno wa karibu hapa. Akauliza, "Linauma lipi?" Nikasema haliumi hata moja. "Sasa umefuata nini? Mimi nang'oa na kuziba. Kunyoosha sinyooshi." Nikarudi. Lukresia ninayekaa naye, yule wa Buger, akanipeleka saluni kuna dada anabandika vyuma vya urembo, rangi unachagua. Nikamuuliza, vinanyoosha? "Vinapendeza, dada." Nikaangalia gundi yake, ni ile ya kubandikia kucha. Nikatoka mbio. Halafu nikanunua unga wa kung'arisha meno, nilioona picha yake kwenye simu. Fizi ziliungua nikanywa uji tu, meno yakabaki vilevile. Lukresia akasema, "Umeng'arisha kweli. Fizi nyeupe, meno ya kahawia."

Sasa nimesikia Arusha kuna daktari aliyesomea kupanga meno, kazi yake ni hiyo tu. Nataka kwenda. Sikuombi kitu, Papa, naomba ruhusa. Sitaki siku moja ukute mdomo wa binti yako umebadilika na hukuambiwa.

Mwanao,
Naipanoi


Olbalbal, 28 Januari 2024

Naipanoi,

Marahaba. Sisi wazima, maji ni shida, ng'ombe wanatembea siku nzima kuyafuata.

Mimi ni mtu wa darasa la saba, sijui kuzunguka. Jibu ni hapana.

Lile pengo hukuwekewa kwa ubaya. Mtu akibanwa taya na pepopunda, hapo ndipo anapitishiwa maziwa. Mimi ninalo, Yeyo analo, na babu yako alizikwa nalo. Wewe unataka likafungwe kama zizi bovu. Na hiyo kahawia ni maji tuliyokunywa wote. Nilipopeleka ng'ombe Dar, mlinzi wa machinjio aliniangalia mdomoni tu akasema, "Mzee umetoka Arusha wewe, pita." Hata kitambulisho hakutaka.

Kitu kinachoangaliwa meno kabla ya kuchukuliwa ni ng'ombe. Huyo Nelson anaoa au ananunua?

Usiende Arusha. Nimemaliza.

Papa yako,
Lomayani


Karatu, 10 Machi 2024

Papa,

Shikamoo. Nilikusikia, sina ubishi.

Julius atakuambia alinikuta stendi ya Arusha, kwa hiyo bora uyapate kwangu. Ni kweli nilikwenda. Kuna kliniki nahudhuria huko kila mwezi, na daktari amesema nisikose hata mara moja. Usiniulize zaidi kwa barua. Nikija Pasaka utaniona, tutakaa nikueleze, na kama ni kufokewa nifokewe mara moja yaishe.

Nimepungua kidogo. Nyama inanishinda, makande ndiyo kabisa. Ukisikia watu wanasema nimekonda, usishtuke.

Yeyo usimwambie. Nelson pia asijue kwanza. Nataka ajue kwa kuniona.

Nisamehe, Papa. Nilishindwa kuvumilia.

Naipanoi


Olbalbal, 24 Machi 2024

Mwanangu Naipanoi,

Barua yako nimeisomea malishoni, peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Sasa sina nguvu hizo.

Najua. Usiniulize nimejuaje, kuna mtu alikuona.

Nimekusamehe, na wewe jisamehe. Siku hizi si kama zamani. Watu wanaishi nayo, wanazeeka, wanazaa watoto wazima. Meza dawa zako. Usiruke hata siku moja, hata ukijisikia una nguvu. Zikikuchosha mwambie daktari, usiache kwa kichwa chako.

Pasaka usije. Si kwamba sikutaki. Maneno ya watu ni mengi, kaa huko upate nafuu kwanza. Yeyo nimemwambia, nisamehe, lilinishinda kulibeba. Analia na anachuja samli, Julius atakuletea.

Tunakuombea. Wanaokuombea ni wengi kuliko unavyodhani.

Papa yako,
Lomayani


Karatu, 7 Aprili 2024

Papa yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Barua yako nilimpa Lukresia aisome, nikidhani macho yangu yamekosea. Papa kunisamehe bila hata fimbo! Na mwambie Yeyo aache kulia, nani analia kwa ajili ya meno? Samli imenifaa, ugali unateleza wenyewe.

Kama umeshajua, basi nikueleze yote.

Daktari ni mama wa makamo, mkali. Alipiga picha taya zima akasema, "Meno yako hayana kosa. Yamekosa nafasi." Akayasafisha, akaziba mawili ya nyuma yaliyoanza kuoza, ndipo akaniwekea waya. Siyo kama vile vya saluni. Anagandisha kidude kidogo cha chuma kwenye kila jino, halafu waya unapita juu ya vyote, na kila mwezi anaukaza kidogo. Jino linasogea ndani ya mfupa taratibu, huwezi kuliona, unalisikia. Akishakaza, kwa siku mbili tatu natafuna kama bibi. Kuhusu dawa umenichekesha, Papa. Ni za maumivu tu. Nikipata nafuu naacha, daktari mwenyewe kasema. Itachukua kama mwaka na nusu. Waya zikitolewa kuna kifaa nitavaa wakati wa kulala, maana meno yana kumbukumbu, yanataka kurudi yalikotoka.

Nikamwuliza habari ya kung'arisha. Akanikatalia. Anasema ukiwa na waya hawang'arishi, maana chini ya vile vidude patabaki na rangi yake, ukivitoa unakuwa na madoadoa kama chui. Halafu kahawia yetu siyo uchafu. Ni madini ya floraidi kwenye maji, yaliingia meno yakiwa bado yanajengeka, tukiwa wadogo. Iko ndani. Dawa ya kung'arisha inaweza kuipunguza, pengine isiiondoe, na anayekuahidi meno meupe kama maziwa anataka mfuko wako. Niliudhika, Papa. Kuzunguka kote kule kumbe jibu ni maji ya nyumbani.

Sasa neno moja nakuomba. Lile pengo. Daktari anasema anaweza kuvuta meno kulifunga, au kuyasimamisha ya pembeni akaliacha lilivyo. Nikamwambia asubiri, hilo nitamwuliza baba. Unasemaje? Nijibu mapema, nitamwambia utakavyosema.

Mwanao anayekupenda,
Naipanoi


Karatu, 12 Mei 2024

Papa,

Nimengoja jibu lako. Julius amepita mara zote mikono mitupu, anasema umemwambia huna la kuandika.

Nami nimeelewa kwa nini. Wiki mbili zilizopita Nelson alipiga simu. Baba yake, Mzee Supeet, amesema ndoa hakuna. Nikauliza kosa langu. Nelson akasema, "Wanasema una waya." Nikasema ninazo, za meno, nilitaka uzione mwenyewe. Akasema, "Siyo hizo, Naipanoi. Wanasema umekanyaga waya."

Nilikaa chini kwenye korido, na ndoo yangu.

Nilimwambia haya, nitapima. Nimepima kweli, sina virusi. Karatasi nilimtumia, akaipeleka kwa baba yake. Unajua alijibiwa nini? "Karatasi inanunuliwa. Lakini baba hawezi kumzushia mtoto wake mwenyewe, tena kanisani." Kumbe ndiyo hizo dawa nisiruke. Kumbe ndiyo hao wengi wanaoniombea.

Hapa loji nayo imefika. Jikoni wameanza kunitengea kikombe. Hawasemi neno, kikombe tu kinakaa peke yake, kimegeuzwa. Aliyekuwa na huo ugonjwa kweli angetendewa hivi, kosa lake lingekuwa lipi? Hata hilo limeniuma.

Ulisoma barua yangu ya Aprili. Julius anasema alikupa mkononi. Ulisoma kwamba ni meno. Ukafanya nini?

Naipanoi


Olbalbal, 26 Mei 2024

Mwanangu,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Nitakwambia ilivyokuwa, usinihurumie.

Kimaren alikuwa anatoka mnada wa Karatu na mbuzi zake. Akanipigia kelele toka ng'ambo ya korongo, "Lomayani! Nimemwona binti yako! Ana waya siku hizi!" Akacheka, akaendelea na mbuzi. Mimi nikabaki nimesimama. Huku mtu akisema fulani ana waya, hakuna anayefikiria mdomo, wanafikiria UKIMWI. Wewe mwenyewe barua yako ya kwanza uliandika vyuma, hukuandika waya. Nikadhani Kimaren anacheka msiba wangu. Ningevuka korongo nikamwuliza, waya gani, yangeishia pale kwenye mchanga. Sikuvuka. Julius alipoleta barua yako, kliniki kila mwezi, umekonda, Nelson asijue, nikasema basi.

Nikaenda kwa Yohani mwinjilisti, nikaomba maombi. Akaniuliza, "Tumtaje jina?" Nikasema, "Mtaje, Mungu asije akachanganya." Jumapili nikasimama mwenyewe mbele, nikasema binti yangu amekanyaga waya. Yohani anazunguka makanisa, akakuombea na Soitsambu. Kwa nia njema kabisa.

Hayo ungeweza kunisamehe. Ni kosa la sikio. Sasa sikiliza lililobaki.

Barua yako ya Aprili niliisoma nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwita Yeyo, tukacheka wote wawili, akapiga kigelegele. Halafu akasema, "Haya, kimbia kwa Yohani." Nikasema nitasema Jumapili, mbele ya wote. Nikavaa shuka jipya, nikaenda. Yohani siku hiyo akahubiri juu ya wazazi wanaoficha na wazazi wanaosema kweli. Akaninyooshea mkono. Akasema, "Mzee huyu ni mfano wetu. Alibeba aibu yake akaileta mwangani." Watu wakasimama wakapiga makofi. Naipanoi, katika maisha yangu hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Nikaona nikisimama sasa niseme ni meno, watacheka mpaka jioni. Nikakaa. Jumapili iliyofuata nikasema nina homa.

Yeyo alinisema kila siku. Aliacha kunimiminia chai, najimiminia.

Halafu Mzee Supeet akatuma watu wawili. Wakaniuliza, "Uliyosema kanisani ni kweli?" Nami nikawajibu, "Nilichosema kanisani sikirudii." Nikajiona mjanja, maana sikusema ndiyo na sikusema hapana. Wakaondoka na hilo.

Niliuza jina lako ili nisichekwe. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Papa yako,
Lomayani


Karatu, 2 Juni 2024

Papa,

Nimesoma. Barua nzuri. Lakini imesomwa na mimi na Lukresia, na sisi tulikuwa tunajua.

Hukusema kwa barua. Ulisimama ukasema kwa mdomo. Basi kwa mdomo huohuo uyarudishe maneno yako, kwenu na Soitsambu.

Na Mzee Supeet ametuma neno kwamba niletwe, nifungue mdomo waone kama waya upo kweli. Mwambie mimi siyo mbuzi wa mnadani. Siendi.

Naipanoi


Olbalbal, 23 Juni 2024

Mwanangu,

Nimefanya. Nakuandikia kabla sijasahau walivyonifanya.

Kanisani nilimwomba Yohani nafasi. Nikasimama mbele. Nikasema, "Waya niliyowaambia mwezi wa tatu ni ya meno." Bibi mmoja wa mbele, masikio yake mazito, akauliza kwa sauti, "Amesema nini?" Jirani yake akamwambia, "Anasema ni ya meno!" "Meno yanapataje waya?" Ikabidi nieleze. Nikasema ni kama mti mchanga uliopinda, unaufunga kwenye fito, unakaza kidogo kidogo mpaka unyooke. Bibi akafikiri. "Na akitaka kula nani anamfungulia?"

Kanisa likapasuka. Yohani mwenyewe alishika meza asianguke. Na Kimaren, mtu asiyeingia kanisani, alikuwa amesimama mlangoni, akapiga kelele, "Nilikwambia ana waya! Hukuniuliza wapi!"

Nikangoja wamalize kucheka. Halafu nikasema na lile lingine. Kwamba nilijua tangu Aprili, na mlipokuwa mnanipigia makofi barua ilikuwa nyumbani. Hapo hakuna aliyecheka. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Yohani akainama. Tukitoka nje hakuna aliyenipa mkono ila yule bibi, nadhani hakusikia vizuri.

Kutoka hapo naitwa Menye Waya, baba wa waya. Hata watoto kisimani: "Menye Waya, punda wako anakunywa maji yetu!" Naitika.

Soitsambu nilikwenda kwa miguu na kwa lifti za magari. Mzee Supeet alikuwa na wazee wenzake. Nikasema yote, ya sikio na ya makofi. Akasema, "Maneno yako ya kwanza tuliyaamini yakawa uongo. Haya ya pili tuyaamini kwa nini? Mlete binti tuone." Nikasema, "Binti yangu siyo mbuzi wa mnadani. Kama kuna mdomo wa kukaguliwa hapa, ni wangu." Nikaufungua.

Unajua alifanya nini? Alinishika kidevu akaangalia kweli. Juu, chini, akaingiza kidole kwenye pengo, kama anakadiria umri wa dume. Sikufunga. Mate yananitoka, wazee wanachungulia. Halafu akasema, "Meno ya huyu yamezeeka kawaida. Ulimi ndio uliooza." Wakacheka sana. Nikabaki nimeachama mpaka aliponiachia.

Mwisho akasema karatasi ya hospitali ameielewa sasa, na mambo ya Nelson aamue Nelson, yeye hazuii tena. Chai hakunipa.

Najua kikombe chako bado kinakaa peke yake huko jikoni. Sijui njia ya kukifikia. Niambie kama ipo.

Papa yako,
Lomayani


Karatu, 7 Julai 2024

Papa,

Shikamoo.

Kikombe alikishughulikia Lukresia. Aliingia jikoni, akakichukua, akanywea chai yangu mbele yao wote, akauliza, "Nani mwingine anataka?" Siku hizi vyote vimechanganyika, hata mimi sijui changu ni kipi.

Nelson alikuja. Alikaa akiangalia viatu vyake. Nikamwambia, niangalie. Akainua macho, nikacheka wazi, waya wote nje. Akasema, "Hizo tu?" Nikasema hizo tu. Aliona aibu sana, maana yeye aliniamini tangu mwanzo na bado mbele ya baba yake alinyamaza. Anataka turudi kama zamani. Nimemwambia zamani nilikuwa naziba mdomo. Amesema atakuja tena, na tena. Sijampa jibu. Aje.

Na wewe, Papa. Nimesoma habari ya Mzee Supeet na kidole chake. Nilicheka, halafu nikalia, halafu hasira ikarudi palepale. Sikufichi. Bado nina hasira. Kila mwezi wakinikaza nakukumbuka.

Kuna swali nilikuuliza Aprili. Pengo. Katika barua zako zote hizo hukulijibu, nadhani hata umelisahau. Daktari asingeweza kusubiri zaidi, alinitaka jibu, nikampa. Nimeamua mwenyewe, na kazi ameianza.

Sikuandikii nimeamua nini. Usimwulize Julius wala Lukresia. Ukitaka kujua njoo Karatu, uangalie.

Naipanoi


Olbalbal, 14 Julai 2024

Naipanoi,

Jana Kimaren ametoka mnadani. Akanipigia kelele toka ng'ambo ya korongo, "Menye Waya! Nimemwona binti yako! Lile pengo lake..."

Nikaziba masikio kwa mikono yote miwili, mbele ya watu, nikaimba wimbo wa kanisani mpaka alipopotea na mbuzi zake.

Barua hii inakuja na Julius. Nami nimekaa naye mbele, juu ya magunia yake matupu. Ukimaliza kuisoma, toka uje getini.

Papa yako,
Menye Waya